Unakarabati nyumba? Anza na waya wa ardhi

KUNA tabia imejengeka hapa Kikagate, na nimeiona pia katika mitaa ya Mbarara na hata kule Nakivale, ya kukarabati nyumba kwa kuanzia kile kinachoonekana. Mtu akirudi kutoka ng'ambo ya Mto Kagera na akiba yake, au mfanyabiashara akipata faida nzuri ya maharage, hununua nyumba ya zamani na kuanza kazi. Mabati mapya, dari ya jipsamu, vigae, milango ya chuma yenye maua, vitofali uani, shawa ya umeme. Fedha ikikaribia kwisha ndipo anaitwa fundi wa umeme, naye anaambiwa apunguze gharama. Kitu cha kwanza kupunguzwa ni kile ambacho hakuna mgeni atakayekisifu, yaani waya wa ardhi.

Mafundi wa hapa huuita ethi. Wenzetu kutoka Kongo walioko Nakivale huuita tere, kwa Kifaransa chao. Rangi yake ni kijani chenye mistari ya manjano, na kazi yake ni moja: umeme ukivuja kutoka mahali pake na kugusa chuma cha pasi, friji au bomba, upewe njia ya kwenda ardhini ambayo si mwili wa mtu.

Hoja yangu ni kwamba ukarabati ndio unaoua ethi katika nyumba zetu, tena kimya kimya, na kwamba breka peke yake haiwezi kuziba pengo hilo. Naomba nieleweke. Sisemi watu wasipambe nyumba zao. Nasema kazi ya ethi itangulie, ipimwe, na iandikwe kwenye karatasi kabla fundi hajalipwa shilingi ya mwisho.

Nitoe mfano wa jirani yangu. Ni mama anayefanya biashara ya nguo kati ya Murongo na Mbarara. Alinunua nyumba ya vyumba vitatu yenye duka mbele, akaikarabati ikawa nyumba ya kupigia picha. Wiki ya pili baada ya kuhamia, bomba la shawa likaanza kuuma. Halikuwa linamrusha mtu, lilikuwa linauma tu, kama sisimizi. Fundi akaitwa, akagusa kwa tesita yake ya mfukoni, akasema: "Mama, hizi shawa ndiyo kawaida yake. Ukiingia kuoga vaa malapa."

Basi nyumba nzima ikawa inaoga na malapa. Siku moja mtoto wa darasa la tatu akaingia bila malapa, akashika bomba, akatupwa hadi ukutani. Tunamshukuru Mungu kwamba alitupwa, maana wapo wanaoshika wasiweze kuachia. Nilipoitwa nilikwenda na kipima volti. Kati ya bomba na udongo wenye unyevu nyuma ya ukuta nilikuta volti 190. Lakini kilichonitisha zaidi ni friji iliyoko sebuleni. Ilikuwa nzima, haina hitilafu yoyote, nayo ilikuwa na volti zile zile.

Sababu tuliipata kwa sururu. Waya wa ethi ulitoka vizuri kwenye boksi la breka, ukapita ukutani, ukashuka hadi chini ya vitofali vya uani, na hapo ukakoma. Vijana waliotandika vitofali waliukuta umewazuia, wakaukata. Rodi ya shaba iliyokuwa imepigiliwa ardhini haikuonekana tena. Shaba ina soko, na kila mfanyabiashara wa mpakani anayesoma makala haya anajua soko hilo liko wapi.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Ethi za nyumba nzima hukutana sehemu moja, kwenye boksi. Ikiwa njia ya kwenda ardhini imekatwa lakini nyaya za ndani bado zimeungana, hitilafu ya chombo kimoja husambaa kwa vyote. Shawa ikivuja, friji inauma, pasi inauma, sufuria iliyo juu ya jiko la umeme inauma. Yaani waya uliowekwa ulinde watu unageuka kuwa wa kuwatembezea hatari chumba hadi chumba. Kwa maoni yangu nyumba yenye ethi iliyokatwa ni mbaya kuliko ile ambayo haikuwekewa ethi kabisa, kwa sababu mwenyewe anaamini analindwa.

Kwa nini breka haikukata? Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na jibu lake linahitaji hesabu kidogo. Katika nyumba ninazozijua hapa, kutoka kwenye nguzo huja nyaya mbili tu, wa moto na wa nyutro. Uingereza nyumba nyingi za mijini huletewa na ethi pia na kampuni ya umeme, kutoka kwenye transfoma. Kwetu ethi ni mali ya mwenye nyumba, anaitengeneza mwenyewe kwa kupigilia rodi uani. Umeme ukivuja lazima upite kwenye udongo ndipo urudi kwenye transfoma, na udongo si shaba.

Tuseme njia hiyo yote ina ukinzani wa omu 60, jambo la kawaida kabisa kwa rodi moja fupi kwenye moramu ya kiangazi. Umeme wa Uganda ni volti 240. Gawanya 240 kwa 60 unapata ampea 4. Breka ya shawa ni ya ampea 32 au zaidi. Ampea 4 kwake ni sawa na mtu anayechemsha chai, haina sababu ya kukata. Kwa hiyo bomba litaendelea kuuma mchana na usiku, na breka itakaa pale ikitazama. Na kwa wale wanaoguswa zaidi na mfuko, ampea 4 kwa volti 240 ni wati 960. Kwa saa 24 ni uniti 23 za Yaka zinazoingia ardhini bila kuwasha hata balbu moja. Mtu akilalamika kwamba Yaka yake inakwisha haraka tangu akarabati, mimi huanza kumuuliza habari za ethi kabla ya kumlaumu mwenye mita.

Dawa yake inajulikana miaka mingi. Ni kifaa ambacho mafundi hukiita RCD. Kinalinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Kikiona umepungua kiasi cha miliampea 30, yaani ampea 0.03, kinakata nyumba katika sehemu ndogo ya sekunde. Kwa kipimo hicho hata ethi dhaifu ya omu 500 inatosha kukiamsha. Historia yake ina sehemu ya Afrika: katika miaka ya 1950 mhandisi Henri Rubin wa Afrika Kusini alitengeneza kifaa cha namna hii kwa ajili ya machimbo, kisha kikaingia majumbani. Ufaransa, ambako nyumba nyingi hujitegemea kwa rodi zao kama sisi, kanuni zinataka kila njia ya umeme ya nyumba mpya ilindwe na kifaa cha miliampea 30. Hapa Kikagate nimefungua maboksi mengi ya breka na nimekikuta mara chache sana. Bei yake haifiki bei ya mlango mmoja wa chuma wenye maua.

Wapo watakaosema: basi tununue hicho kifaa tuachane na rodi. Hapana. Bila ethi kifaa hakina cha kuona mpaka mtu aguse. Uvujaji utakaa kwenye bomba ukisubiri, na siku utakapopita mwilini mwako ndipo kitakata. Kinaweza kukuokoa, ndiyo, lakini mwili wako ndio utakuwa kipimo. Na tahadhari nyingine: kile kitufe chenye herufi T kinajaribu kifaa chenyewe tu. Unaweza kukibonyeza kila siku kikakata vizuri, kumbe uani hakuna rodi.

Turudi kwenye ukarabati, maana vitofali si mkosaji pekee. Katika nyumba za zamani za madukani Mbarara, wako mafundi waliounga ethi kwenye bomba la maji la chuma, na lilikuwa linafanya kazi kwa sababu lilikwenda mbali ardhini. Leo fundi bomba anakuja, anatoa chuma chenye kutu, anaweka plastiki. Maji yanatoka vizuri, kila mtu anafurahi. Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo siku hiyo hiyo nyumba imepoteza ethi yake, na fundi bomba hajui na fundi umeme hakuwepo.

Kisha kuna rangi. Nyaya za zamani zilikuwa nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa ethi. Waingereza, ambao sisi tuliiga kwao, walianza kubadili mwaka 2004: kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, kijani na manjano kwa ethi. Zaidi ya hapo, katika mpangilio mpya wa nyaya tatu za moto, mweusi ni mmoja wa hizo za moto. Ukikarabati nusu ya nyumba na kuacha nusu, umezikutanisha lugha mbili ndani ya ukuta mmoja. Fundi kijana aliyefundishwa rangi mpya akikutana na mweusi wa zamani anaweza kubuni, na umeme haumsamehi anayebuni. Pale zinapoungana patiwe alama.

Baya kuliko yote ni ujanja wa kuunga ethi na nyutro ndani ya soketi. Mwenye nyumba akitaka ethi na fundi hana rodi, huchukua kipande kifupi cha waya na kuyaunganisha matundu mawili. Tesita ikipita inaonyesha kila kitu ni sawa. Lakini nyutro ikikatika kwenye nguzo, kwa upepo au kwa kiungo kilichochakaa, kila chuma ndani ya nyumba kinapanda na kuwa wa moto hata kama hakuna chombo kibovu. Ukimkuta fundi akifanya hivyo, msimamishe hapo hapo.

Nalo suala la vyumba vya kupanga ni zito. Mita moja inalisha vyumba vitano, na kila chumba kinapelekewa umeme kwa waya wa nyuzi mbili uliopitishwa juu ya mabati. Ethi inabaki kwenye chumba cha kwanza. Waya ukichubuka kwenye ukingo wa bati, paa zima linakuwa na umeme, na kamba ya nguo ya chuma iliyofungwa kwenye paa hilo inakuwa nayo. Kule Nakivale wengi wana sola ndogo za volti 12, na hizo hazina hatari ya namna hii. Lakini mtu akishaongeza inveta ya kutoa volti 240 ili auze vinywaji baridi, amekwisha kuingia katika mambo haya, hata kama hana nguzo mlangoni.

Watu huchanganya ethi na kinga ya radi, na sishangai. Tangu wanafunzi 18 wa shule ya msingi Runyanya, Kiryandongo, walipouawa na radi mwaka 2011, neno ethi limesikika zaidi likizungumzia radi. Ni mambo mawili tofauti. Rodi ya nyumba haikukingi na radi, na kinga ya radi haikusaidii shawa ikivuja.

Sasa nizungumze na wafanyabiashara, kwa sababu vifaa vingi vya umeme vinapita mikononi mwenu. Kuna waya unaouzwa kama shaba kumbe ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, mwambie aliyekuuzia achukue mali yake. Wengine hupima kwa sumaku. Kwa waya sumaku itakusaidia ikiwa ndani kuna chuma, lakini alumini haitaikamata. Kwa rodi haikusaidii kabisa, maana hata rodi nzuri ina chuma katikati na ganda la shaba nje. Tofauti iko kwenye ganda hilo. Nyingine zimepakwa rangi tu, ukikwangua kidogo unakutana na chuma, na chuma hicho kwenye udongo wenye chumvi hakichukui muda mrefu kuliwa.

Nimetaja chumvi kwa makusudi. Mafundi wetu hupenda kumwaga chumvi na makaa kwenye shimo la rodi. Makaa yanashika unyevu, hayana ubaya mkubwa. Chumvi hushusha ukinzani kwa muda, kisha mvua inaiosha na kutu inabaki. Mimi ningependelea rodi mbili ndefu zilizotenganishwa kwa hatua kadhaa na kuungwa pamoja, zipigiliwe mahali penye unyevu mwaka mzima. Isingiro mahali hapo kila nyumba inapo: kwenye migomba, yanapomwagikia maji ya kuogea. Na kichwa cha rodi kiwekewe kijisanduku cha saruji chenye mfuniko, ili anayetandika vitofali akione na mwenye kupima akifikie.

Jambo jingine dogo, ila linaniudhi kila siku. Plagi zetu, upande huu wa Yaka na upande ule wa LUKU, ni zile zile za miguu mitatu. Mguu wa juu ni mrefu kuliko mingine kwa sababu maalumu: ethi iguse kwanza kabla ya moto, na ifungue vifuniko vya matundu ya chini. Mtu akiwa na chaja ya miguu miwili ya mviringo, anachomeka kalamu kwenye tundu la juu ili vifuniko vifunguke. Nimeona watoto wakifanya hivyo kwa msumari. Adapta inauzwa kila kioski.

Najua kwa nini sisi tuliorudi tunaangukia mtego huu kwa urahisi. Wengine tulirudi mmoja mmoja, wengine waliondolewa Kagera kwa Operesheni Kimbunga mwaka 2013, lakini wengi wetu tulikulia kwenye mwanga wa kibatari. Mimi nilisomea uhamishoni, Karagwe, na umeme nilioujua mpaka namaliza shule ulikuwa wa betri na balbu ndogo juu ya meza ya fizikia. Nyumba ya kwanza yenye umeme tunaipata kwa kununua, tayari ina soketi za matundu matatu ukutani. Nani atatuambia kwamba nyuma ya tundu la tatu huenda hakuna kitu?

Sheria si kwamba haipo. Uganda, mamlaka ya ERA iliyoundwa na Sheria ya Umeme ya mwaka 1999 ndiyo inayotoa vibali vya mafundi. Tanzania kazi hiyo inafanywa na EWURA. Tatizo ni kwamba karatasi ya fundi huulizwa nyumba inapoomba umeme mara ya kwanza. Ukikarabati nyumba ambayo tayari ina mita, sijaona anayekuja kuuliza. Wako wanaodhani kwamba kwa kuwa mkataba wa UMEME uliisha Machi 2025 na UEDCL ikachukua kazi, basi serikali sasa itakagua vyumbani. Kazi ya shirika inaishia kwenye mita. Upande wa ndani ni wako.

Kwa hiyo napendekeza halmashauri zetu za miji, ambazo hazisahau kuuliza ramani mtu akitaka kuongeza chumba, ziulize pia karatasi ya ethi kwa nyumba yoyote inayokarabatiwa kwa ajili ya kupangisha. Si jambo kubwa. Karatasi hiyo iwe na vitu vinne: jina la fundi na namba ya kibali chake, tarehe, idadi ya omu, na uthibitisho kwamba RCD imejaribiwa.

Fundi atakuambia ethi ameijaribu kwa balbu ikawaka. Usikubali. Balbu ya wati 60 yenyewe ina ukinzani wa omu 960. Hata ethi mbovu ya omu 100 itaiwasha ikang'aa karibu kama kawaida. Kinachotakiwa ni kipima ethi chenyewe, na mafundi wanaokimiliki si wengi, lakini Mbarara wapo, na barabara ya lami ipo. Upimaji ufanyike kiangazi, kati ya Juni na Agosti, udongo ukiwa umekauka. Kipimo cha masika kitakudanganya.

Katika malipo, bakiza fungu la mwisho mkononi mpaka karatasi hiyo ifike. Bandika nakala ndani ya kimlango cha boksi la breka, mahali ambapo rangi mpya haitaifuta. Na mpangaji akija kuangalia chumba, kabla hajauliza kodi, afungue kimlango hicho asome.